"Dawa Imeingia Saa Ngapi?": Wasifu wa Marehemu Murugi Munene

Marehemu Murugi alizaliwa Kangema tarehe 14 Machi 1957, binti wa tatu wa Mzee Kingori na Mama Wakonyo, wakulima wa chai. Alisoma hapo hapo Kangema, akienda shule peku, kisha akasomea uuguzi mjini Nyeri na kuhitimu mwaka wa 1979.

Kwa miaka thelathini na minane alihudumu katika chumba cha upasuaji. Madaktari walimwogopa kuliko mkubwa wao. Bingwa mmoja alipoingia na pete kidoleni, alimwambia mbele ya wote, "Daktari, hiyo pete ni ya bibi yako, si ya mgonjwa. Toa kwanza." Ukutani alibandika karatasi aliyoiandika kwa mkono wake: dawa ya kuzuia maambukizi iingie ndani ya saa moja kabla ya kisu, kisu kikichelewa, irudiwe. Alisema mlango hufungwa kabla mwizi hajaingia.

Aliolewa na Bwana Munene wa Kiganjo tarehe 4 Desemba 1982. Mungu aliwajalia Lynn na Wendy. Walimlea pia Kahiga, mtoto wa marehemu dada yake, ndiye anayesoma wasifu huu. Kwa Auntie hukupewa chakula kabla hujanawa hadi viwikoni, hata kama ni githeri ya kijiko. Kahiga alipokuwa daktari wa upasuaji, Kiganjo nzima iliambiwa.

Januari mwaka huu alipatikana na uvimbe kwenye utumbo. Haukuwa saratani. Alikataa kupelekwa Nairobi: "Ya nini, na niko na daktari wangu?" Jumanne tarehe 11 Februari alidungwa dawa hiyo ya kuzuia maambukizi wodini mapema, kisha stima ikapotea na foleni ya upasuaji ikakwama. Alipolazwa mezani hatimaye, katika chumba kile kile alichohudumu, aliuliza, "Kahiga, dawa imeingia saa ngapi?"

Kahiga akacheka. "Auntie, leo wewe ni mgonjwa. Wachana na hiyo."

Muuguzi Mukami naye aliuliza kama irudiwe. Wagonjwa watatu walikuwa bado wanangoja. "Twende tu," Kahiga akasema. "Tutampa za siku tano baadaye." Ile karatasi ilikuwa mbele ya macho yake.

Siku ya tano kidonda kilianza kutoa usaha. Maambukizi yakaingia kwenye damu, naye akafariki Jumapili tarehe 23 Februari 2025. Hakuna awezaye kuapa kwamba dozi moja ingemwokoa, na wenzake wamemkataza Kahiga kujilaumu. Anajilaumu. Rasimu ya kwanza ya wasifu huu ilisema "baada ya kuugua kwa muda mfupi". Aliyafuta maneno hayo, akaandika haya, akampelekea Bwana Munene. Mzee alisoma mara mbili. "Wacha ikae hivyo," akasema. "Murugi hangekubali uongo. Na utasoma wewe mwenyewe."

Ameacha mume wake, binti zake Lynn na Wendy, wajukuu wanne, na Kahiga.

Pumzika sasa, Auntie. Dawa iliingia saa moja na dakika ishirini asubuhi. Kisu kiliingia saa tano na nusu.