Gia ya Matope Juu ya Lami

Masoud, nisogezee mto. Mardhiya, kaa hapa ninapokuona. Nisikilizeni wanangu, wala msinikatize, kwa kuwa pumzi niliyobaki nayo ni kidogo na neno lenyewe nimelificha miaka mitatu.

Shamba la mikarafuu na pikapu ni mali ya urithi. Shehe atawagawia kwa sheria, mimi siongezi wala sipunguzi. Ninachoomba, Masoud, uridhie dada yako ndiye aendeshe, maana yeye huuliza gari linafanya nini, na sisi wawili hukanyaga mafuta tu.

Mnamkumbuka fundi Abrahman wa hapa Mtambile. Mwaka ule wa masika makubwa alilifungua sanduku la gia la pikapu ya zamani, akalirudisha vizuri. Mimi nikatia ile gia fupi ya matope, inayosukuma magurudumu yote manne, nikatoka shambani, na nilipofika kwenye lami sikuitoa. Niliona gari limeshika barabara, nikasema kama nguvu hii inafaa kwenye utelezi, kwenye lami itafaa zaidi. Wiki tatu nikapeleka karafuu bandarini Wesha hivyo hivyo, kila kona usukani mzito, tairi zinalia, gari linarukaruka kama limeshikwa na mtu kwa nyuma, nami nafurahi nikidhani ndiyo nguvu. Hata siku moja, katikati ya kona, sanduku likapasuka, vyuma na mafuta vikamwagika njiani.

Nikasimama mbele ya maduka, watu wamejaa, nikasema Abrahman kanitilia vyuma vikuukuu. Akaniambia, "Mzee Mmanga, hebu nambie kwanza ulikuwa ukiliendeshaje." Nikamgeuzia mgongo, nikaendelea kuwaambia watu. Watu wakaniamini mimi. Kabla ya mwaka kwisha akafunga gereji, akaenda kulima muhogo.

Mardhiya, wewe ndiye uliyeniuliza baadaye kama gari likikata kona tairi zote nne huenda mwendo mmoja. Tukazipaka chokaa, tukaizungusha pikapu hii ya sasa uwanjani, tukapima alama kwa kamba. Ulipiga magoti ukapima tena, hukuamini: za mbele zimekwenda mbali kuliko za nyuma, za nje kuliko za ndani. Ukasema, "Baba, kwenye matope tairi huteleza ikajinasua. Kwenye lami haina pa kuteleza, basi kinachosokotwa ni chuma cha ndani." Ukacheka kwa furaha ya kujua. Mimi nikaingia ndani nikajilaza, nawe ukadhani ni jua.

Tangu siku ile namwona Abrahman msikitini, nabadilisha safu.

Nendeni kwake leo, nyote wawili. Msianze kwa kusema baba anaumwa, ataona haya kukataa. Mwambieni kosa langu kwanza, lote, kisha ndipo mseme ninaumwa. Halafu mkaseme mbele ya maduka yale yale, mchana, watu wakiwepo. Akisamehe, mwombeni awe mmoja wa watakaonishusha kaburini. Akikataa, ni haki yake, nanyi msiache kumsalimia.

Maji, Mardhiya... tone tu, yatosha.

Mungu awaweke pamoja. Awape subira ya kuuliza kabla ya... kabla ya kulaumu. Awape... neno limenipotea. Awape kheri.

Nendeni, wanangu. Msinisubiri mimi.