Mwashi Aliyewatoa Watu Kanisani

Baba yetu, ambaye wengi mlimwita Fundi Timazi kwa ile kamba yake ya kupimia wima wa ukuta, alizaliwa tarehe 9 Machi 1948, mtoto wa tatu wa mwashi na mshona nguo. Babu yake alikuwa mmoja wa wahamiaji waliokuja kuchimba mawe, wakalijenga kanisa hili Katoliki kwa mikono yao kila Jumapili, siku yao pekee ya mapumziko.

Alisoma shule ya parokia kuanzia 1955 hadi 1962, kisha akajifunza uashi kwa baba yake. Mwaka 1971 alikabidhiwa matunzo ya kanisa. Tangu hapo hakutulia. Wingu likitanda tu, anatafuta ngazi.

Alimwoa mama yetu humu tarehe 14 Juni 1975. Mama husimulia kwamba padri alipouliza swali la ndoa, bwana harusi alikuwa akilikodolea macho dari. "Nikajua anatafuta pa kutorokea," husema. "Kumbe ameona doa la maji."

Mwaka 1998 aligundua ufa ukutani juu ya roshani ya kwaya. Akabandika kipande cha kioo juu yake kwa saruji, ili ukuta ukisogea, kioo kipasuke. Jumapili ya tarehe 22 Novemba, katikati ya misa, alikikuta kimepasuka. Alikwenda moja kwa moja hadi altareni.

"Baba Paroko, watoe watu. Sasa hivi."

Watu walitoka wakinung'unika. Wazee wa parokia wakamwambia amewaaibisha. Siku nane misa ilisaliwa uani. "Mama watoto, kama nimekosea, uso wangu nitauficha wapi?" aliuliza.

Siku ya tisa asubuhi, dari liliporomoka juu ya viti vitupu vya kwaya. Kulijenga upya kulimchukua Baba miaka mitatu.

Vumbi la mawe lilimharibia mapafu. Aliugua kuanzia 2019, na tarehe 3 Mei 2024, saa tano asubuhi, akatutoka nyumbani, mikononi mwa kaka yetu.

"Mifereji ya paa imezibuliwa?" ndilo lililokuwa swali lake la mwisho.

"Imezibuliwa, Baba."

Haikuwa imezibuliwa. Kaka aliizibua jana.

Ameacha mjane, watoto wanne, wajukuu tisa na dada mmoja. Mungu ampe pumziko ambalo mwenyewe hakujipa.