Kutokana na Nini?

Asubuhi moja ya baridi kali huko Thunder Bay, wanafunzi watatu wa uuguzi walikuwa wamebanana kwenye benchi lao nje ya mlango wa hospitali, kila mmoja na kahawa yake kwenye kikombe cha karatasi. Maureen, waliyemwita Kamusi kwa sababu ya kitabu asichokiachia, chenye majina rasmi ambayo wauguzi huyapa matatizo ya wagonjwa, alibakiwa na saa moja kumpelekea mwalimu mpango wa kumhudumia mzee Koskela wa kitanda cha sita. Mzee alikuwa hajala siku tatu. Daktari alishasema: asipokula leo, kesho anawekewa mpira wa kulishia.

— Nimeandika "lishe pungufu kuliko mahitaji ya mwili", alisema Kamusi.

— Si ni "mzee hali chakula" tu hiyo? alicheka Darcy, waliyemwita Mkato. Kitabu kizima cha nini, bana!

— Acha zako. Muuguzi wa zamu inayofuata akisoma, anaelewa kilekile nilichoelewa mimi. Hata akiwa Vancouver.

— Itakayoelewa ni kompyuta, alidakia Lorne, aliyejiita Waziri. Nawaambieni, haya majina yametungwa ili mashine zitunyang'anye kazi. Miaka mitano tu, kitanda chenyewe kitampima mgonjwa, kimwogeshe, kimbembeleze!

— Halafu kigome, kidai likizo! aliongeza Mkato.

— Chekeni tu, alisema Kamusi, shingo imemkakamaa. Madaktari wana majina ya kazi yao. Na sisi tuwe nayo. Sitoki kozi hii bila kuyajua.

Noreen, mama anayekusanya trei za chakula wodini, alikuwa ametoka kupumua kidogo. Akachungulia karatasi ya Kamusi.

— Hapa baada ya "kutokana na" mbona pako wazi?

— Pale huandikwa sababu, mama. Natafuta cha kujaza.

— Kwani mmemuuliza mzee kwa nini hali chakula?

Hakuna aliyekuwa amemuuliza.

Kamusi alihisi uso unamwaka moto. Akamwaga kahawa thelujini, akapanda ngazi mbilimbili.

Akamuuliza mzee kwa nini hali chakula.

— Meno yangu ya bandia yalichukuliwa pamoja na shuka za kufuliwa, siku ile ile niliyolazwa. Nimeona haya kusema, binti yangu.

Kamusi akamletea uji, akaketi naye mpaka bakuli likafika nusu. Kisha akajaza ile nafasi kwa mwandiko mkubwa, "kupotea kwa meno ya bandia", akashuka chumba cha kufulia kuyatafuta mwenyewe.