Linus Mutiso Kivuva, Mlezi wa Kulungu

Marehemu Linus Mutiso Kivuva alizaliwa tarehe 14 Machi 1959 huko Kilungu, Makueni, kifungua mimba wa marehemu Mzee Kivuva na Mama Ndinda. Wenzake walimtania kwamba alizaliwa Kilungu ili aje azeeke akilea kulungu, naye alicheka kuwashinda.

Alisoma Nunguni, kisha akasomea misitu Londiani na kuhitimu mwaka 1982. Mwaka 1988 alifunga ndoa na Zipporah, muuguzi, wakajaliwa Natasha na Ryan. Walihamia London mwaka 1994, naye akaendesha basi Lewisham hadi alipostaafu.

Mwaka 2012 yeye na mdogo wake Eddie walinunua msitu wenye kulungu kule Kent, ambako wageni walilipa kuja kuwinda, na moyo wake ukahamia huko. Alipanda klova, malisho ya kulungu, akapunguza majike waliozidi, na madume wachanga akawaacha wazeeke mpaka pembe zao zikomae. Sheria yake ilikuwa moja: dume wa chini ya miaka saba hapigwi risasi, mgeni awe nani. Wawindaji walimwita mkaidi, na tuseme ukweli, alikuwa mkaidi. Kwaya ya kanisa ilipokwenda huko kula nyama choma, aliwasihi waimbe kimoyomoyo, wasiwatishe kulungu. Kina mama wa sauti ya kwanza hawajamsamehe.

Juni 2024 aligunduliwa kuwa na saratani ya kongosho. Oktoba, Linus akiwa amelazwa hospitalini, Eddie alimpeleka mgeni kumpiga risasi dume wa miaka mitano aliyekuwa na pembe pana kuliko wote. Mgeni huyo alikuwa ameahidi kuununua msitu mzima akiondoka na pembe zile. Natasha alipopata habari alikimbilia treni. Aliwakuta msituni, mgeni ameshalenga. Alikuwa na hofu, lakini alitoka kichakani na koti lake jekundu, akasimama kati ya bunduki na mnyama, akapiga makofi. Kulungu akatoweka.

“Una wazimu?” Eddie alifoka. “Ungekufa!”

“Then come and tell Dad, Uncle. Njoo umwambie mwenyewe, leo hii.”

Jioni wote wawili walisimama kando ya kitanda.

“Eddie,” Linus alisema, “umegawa mnyama wangu ningali hai?”

“Kaka, nilijua hutarudi tena kule.”

Zipporah aliushika mkono wa mumewe.

“Ni kweli, sirudi. Ndiyo maana leo alikwenda Natasha.”

Linus aliaga dunia tarehe 3 Novemba, familia ikiwa kando yake.

Ameacha mjane, Zipporah, watoto, Natasha na Ryan, wajukuu watatu, dada yake, Marion, na Eddie, ambaye asubuhi hii amebeba jeneza bega kwa bega na Natasha. Kwa wanaonong’ona huko nyuma: msitu hauuzwi, na funguo anazo Natasha. Amemwomba baba yake mdogo warudi kule pamoja. Eddie hajajibu, ila hajaondoka pia.

Linus amemaliza zamu yake. Mungu ampe pumziko lenye amani.