Dada Aliyelaumiwa kwa Dawa ya Homa

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Agosti 1966, mtoto wa kwanza kati ya mabinti wawili wa fundi saa na mkewe mkunga. Wasifu huu umeandikwa na mdogo wake, ambaye ndiye anayeusoma. Familia ilimwomba aseme mazuri tu. Ameshindwa, maana mazuri ya marehemu hayaelezeki bila kutaja mabaya ya mdogo mtu.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1973 hadi 1979, kisha akajifunza ushonaji. Mdogo wake aliendelea hadi chuo cha ualimu, lakini wageni wakifika nyumbani waliulizia yule mkubwa, yule mcheshi. Jambo hilo lilimkaa mdogo mtu kama mwiba wa samaki kooni.

Mwaka 1984 marehemu alifungua chumba chake cha ushonaji mkabala na kituo cha polisi. Alikuwa na mazoea ya kuongea huku pini zimejaa mdomoni, na wateja walizoea kuitikia bila kuelewa. Mmoja aliitikia hivyo, akarudi kukuta suruali yake imekuwa kaptura. Walicheka wote wawili mpaka kesi ikaisha.

Tarehe 6 Juni 1992 alifunga ndoa na mpaka rangi wa nyumba, mtu asiye na maneno mengi. Hawakujaliwa mtoto. Mwaka 2006 mdogo wake alijifungua binti, na likizo ya uzazi ilipokwisha, marehemu ndiye aliyeshinda na mtoto, amemlaza kwenye kapu kando ya cherehani. Mtoto alisumbuliwa na kifua mara kwa mara. Homa ikipanda, marehemu alimpa dawa ya maji ya kutuliza homa na maumivu, kwa kipimo alichoelekezwa zahanati, na mama mtu akijua.

Alipotimiza miaka minne, binti alianza kuugua pumu. Mchana mmoja alibanwa vibaya sebuleni. Mama yake alimnyooshea mikono. Mtoto akampita, akajitupa kifuani kwa mama mkubwa, na hapo ndipo pumzi ilipoanza kutulia. Mdogo mtu alibaki na mikono hewani. Wivu ulimla mzimamzima.

Wiki iliyofuata, kliniki, daktari aliuliza kama mtoto alipewa dawa za homa mara nyingi kabla ya kutimiza mwaka. Mdogo mtu alilibeba swali hilo mbiombio hadi chumba cha ushonaji, mbele ya wateja.

"Dada, wewe na dawa zako ndio mmemharibu kifua mwanangu!"

Marehemu alitoa pini mdomoni, moja moja. "Kama ni mimi, mdogo wangu, nisamehe."

Alichoficha mdogo mtu ni maneno mengine ya daktari: kwamba watafiti wameona watoto waliopewa sana dawa hizo wakiugua pumu zaidi, lakini mara nyingi watoto haohao ndio waliougua vifua zaidi, na huenda vifua ndivyo vilivyoitangulia pumu, wala si dawa. Hakuna wa kunyooshewa kidole. Maneno hayo aliyafungia moyoni miaka kumi na minne, kwa sababu dada mwenye kosa alivumilika kuliko dada anayependwa.

Machi 2024 figo za marehemu zilianza kushindwa. Aprili, wodini, mdogo wake alikiri yote. Marehemu alicheka hadi akakohoa.

"Mbona najua? Nilikwenda kumuuliza daktari mwenyewe, wiki ileile."

"Sasa kwa nini hukusema, dada?"

"Ningesema, ungenitafutia kosa lingine. Hilo nilikuwa nimeshalizoea."

Alifariki Alhamisi, tarehe 9 Mei 2024, saa nne asubuhi, binti akiwa amemshika mkono. Mdogo wake alikuwa amesimama mlangoni, na hata pale, Mungu amsamehe, aliwaonea wivu.

Ameacha mume, mdogo wake mmoja, shemeji mmoja, wanafunzi wawili wa ushonaji, na binti mmoja. Binti huyo si wa kumzaa yeye. Kumwandika hapa kumemchukua mdogo mtu siku mbili na karatasi nne zilizochanwa, lakini ameandika.

Apumzike salama mama wa binti yetu.