Kanga Aliyehamia kwenye Kioo cha Kinyozi

Benchi letu liko mbele ya kibanda changu cha viatu, mlango wa pili kutoka kwa Kinyozi, na siku hizi halikaliki. Mbwa aliwamaliza kanga watano wa mke wa Kinyozi, akabaki mmoja. Huyo mmoja ameshaamua kwamba kanga anayemwona kwenye kioo cha saluni ni ndugu yake. Mteja akiketi kitini, anamziba ndugu. Basi kanga anapiga kelele mpaka msumari unaniponyoka, halafu anarukia bega la mteja na kumdonoa shingo. Wiki hii wamekimbia watatu, mmoja akiwa kanyolewa upande. Mwenye nyumba ametoa mpaka Jumamosi: kanga atoke au saluni ifungwe. Leo ni Alhamisi. Kinyozi amekuja na taulo begani, macho mekundu, na Mama Kahawa amemmiminia kabla hajaomba.

— Mchinje, alisema Waya, fundi umeme wetu, ambaye kila tatizo kwake dawa ni kukata.

— Nimchinje? Kinyozi aliruka. Shemeji yako kamlea tangu yuko kwenye yai! Kasema kanga akitoka, na yeye anafunga mizigo. Na mke wangu hatishii, bwana. Akisema, kasema.

— Mtafutie mwenzake basi, alisema Mama Kahawa.

— Nimeagiza. Muuzaji anamleta Jumapili.

— Na mwenye nyumba kasema Jumamosi?

— Jumamosi.

Kwa mbali kidogo nilianza kumhurumia, ila masikio yangu yalikuwa bado yanavuma.

Profesa alikohoa. Ni karani mstaafu, na akikohoa hivyo ujue hotuba inakuja.

— Kanga ni ndege wa kundi, jamani. Peke yake anapata msongo wa mawazo. Anataka wa kuongea naye.

— Anaongea tangu alfajiri, Profesa, nilisema. Anayekosekana ni wa kumnyamazisha.

— Mchanganye na kuku.

— Nilimpeleka kwa kuku wa mama mkwe, alisema Kinyozi. Aliwafukuza mpaka wakapanda paa. Mama mkwe hapokei simu yangu hadi leo.

— Mimi ninalo jibu, alisema Waya. Rekodi sauti yake, umwekee kwenye spika. Atadhani kundi limerudi.

— Nilijaribu jana. Akawa anaijibu. Saa tatu nzima, yeye na simu!

— Ndiyo ilikuwa hiyo! nilipaza sauti. Mie nikadhani wameshakuwa wawili!

— Spika ilikuwa ndogo, alisema Waya bila haya. Nikufungie nne, kila kona moja, na feni tuifunge manyoya iwe inapitapita.

— Acha mambo ya umeme, alisema Profesa. Tuchukue kuku mmoja mpole, tumpake rangi nyeusi, tumtie madoa meupe kwa kijiti.

— Na kichwa cha kanga, kile kipara, utakipaka nini? aliuliza Mama Kahawa.

— Saluni ipo! Anyolewe!

— Nimnyoe kuku? Kinyozi aliuliza, na sauti ilikuwa ya mtu anayetaka kulia.

— Kuku wa nini? Waya alisimama kabisa. Kinyozi mwenyewe ndiye anyolewe. Upara, shati la madoa, achuchumae mbele ya kioo. Vile vinyama vyekundu vya mashavuni, fundi viatu hapa atakata ngozi ashone.

— Msinitie mimi kwenye upuuzi wenu!

— Lakini mashavu yake yatafaa, alisema Profesa, akampima Kinyozi kwa macho, bila mzaha hata kidogo.

Mama Kahawa alikuwa ameshamimina mara ya tatu. Hapo akafika mtu mgeni, ndevu za wiki mbili, akasalimia.

— Samahanini. Nimekuta saluni imefungwa. Kinyozi yuko wapi?

— Ni mimi, kaka. Subiri kidogo, kuna tatizo la kanga. Akiachwa peke yake anachanganyikiwa. Ningempata tu wa kukaa naye siku hizi tatu, ningepona. Hata nyumbani shemeji yenu anatoka kazini jioni.

— Pole sana. Mgeni alitutazama mmoja mmoja, na vikombe vyetu. Na sasa hivi yuko na nani?

Kinyozi aligeuka kuutazama mlango wa saluni aliomfungia kanga. Profesa alitafuta kitu ndani ya kikombe. Tulikuwa watano, na tulikuwa tumekaa pale saa nzima. Niliona aibu, na aibu ikanizidishia hasira.

— Lete ufunguo, nilimwambia Kinyozi, nikabeba kigoda changu na kiatu nilichokuwa nakishona, nikaenda kukishonea kando ya kanga.