Alhamisi Aliyozaliwa Mzee Kithaka

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Leo tunamkumbuka Mzee Kithaka, mkulima wa kahawa wa hapa Embu, tuliyemzika Jumamosi iliyopita. Ukimsalimia "habari", anakujibu, "Nimezaliwa mara ya pili!" Hata kama ulitaka tu kujua habari.

Aliokoka mwaka wa 2009, kwenye mkutano wa injili mjini. Akaacha pombe. Akaacha kutafuna majani ya muguka. Kila Jumapili alisimama kutoa ushuhuda, na ushuhuda wake haukuwa mfupi, Mungu amrehemu.

Lakini kulikuwa na mpaka. Kabla hajaokoka, ndugu yake Njura alifariki. Kithaka aling'oa mimea iliyoonyesha mpaka wa mashamba yao na kuisogeza ndani ya shamba la mjane wa Njura, Mama Celina. Mistari mitatu ya kahawa ikawa yake. Na kwetu, mimea ya mpaka haiguswi. Narudia: Kithaka alisogeza mpaka, akaokoka, na mpaka ukabaki pale pale.

Binti yake Purity, anayeishi mtaa wa Dallas hapa Embu mjini, aliniambia: "Baba alikuwa anatuombea sana. Lakini ukitaja huo mpaka, anakasirika mbaya."

Miaka ikapita hivyo. Halafu kahawa yake ikashikwa na ugonjwa, na Alhamisi moja akawaita watu wa kanisa, Mama Celina akiwamo, waje kuombea shamba. Mnajua tunavyofanya: tunazunguka shamba lote, tunasimama kila kona. Wakaombea kahawa. Wakaombea ng'ombe. Wakafika mpakani. Kithaka, kwa mazoea tu, akasema, "Sista Celina, tuongoze hapa."

Celina akafungua macho. "Shemeji, ng'ombe nimeombea. Kahawa nimeombea. Huu mpaka siwezi kuombea. Unajua mwenyewe."

Kithaka akavua koti, akaomba jembe. Aling'oa mimea ile yote na kuirudisha ilipokuwa, mbele ya kanisa zima, machozi yakimtoka. Hakutoa ushuhuda wowote. Kwa Kithaka, hiyo ilikuwa ajabu.

Wiki jana kamati ya mazishi ilikuwa ikiandika historia ya maisha yake. Mwenyekiti akauliza aliokoka lini. Purity akajibu, 2009. Celina akakataa.

"Hapana. Siku hiyo aliinua mkono tu mkutanoni. Andikeni ile Alhamisi ya jembe. Mimi nilikuwa hapo akizaliwa."

Ikaandikwa hivyo, na kaburini ikasomwa hivyo. Nami nasema bila wasiwasi: Mama Celina amesema kweli. Mtu mpya tunamjua kwa kile anachorudisha.

Purity, pole sana dada yangu. Mama Celina, pole kwa kumpoteza shemeji. Tulimpenda, na tutaikosa sauti yake.

Na wewe unayenisikiliza, watu wa kanisa wakija leo kuzunguka shamba lako, kuna kona utakayotaka waipite haraka? Kama ipo, jembe unajua ulikoliweka.